Mwimbaji Bubu na Mbuzi wa Nizwa

Nyumba aliyotuachia babu mzaa baba iko nyuma ya ngome ya Nizwa, Omani, katika mtaa wa kale wa kuta za udongo. Mimi na kaka yangu tuliitengeneza tukaifanya nyumba ya wageni. Mama anakaa chumba cha chini. Alizaliwa Unguja mjini akaletwa huku akiwa msichana, na wageni wote huzungumza nao kwa Kiswahili, maana anaamini Kiswahili kikisemwa polepole hakuna mtu asiyekifahamu.

Mwaka ule tulipata mgeni kutoka mji mkongwe wa kusini mwa Italia. Alikuwa mwimbaji, yuko ziarani, na baada ya wiki moja alitakiwa kuimba Maskati. Wakala wake aliniandikia kwamba koo limemchoka, daktari amemtaka akae pahala pakavu, na kwa siku nne asitamke hata neno moja.

Nikamweleza mama. Akanitazama kwa huruma.

"Mtu mzima, ana ulimi wake, akae siku nne kimya kwa hiari yake? Yule bubu, mwanangu. Watu wake wanamsetiri tu."

"Mama, ni mwimbaji."

"Ndivyo watakavyosema."

Mgeni akafika, pande la mtu, shingo kaizungushia skafu ya sufi katika joto lile. Kila alichoambiwa alikiitikia kwa kichwa na kutabasamu. Mama alimsomea Ayatul Kursiyyu, akampulizia, akamnywesha asali na habasoda. Jirani akaleta mafuta ya kumsugua kooni. Alikubali yote. Siku ya pili usiri ulikwisha: mtaa mzima ulijua kwetu kuna bubu wa Kizungu, mtu mwema, meskini.

Ijumaa asubuhi nilimpeleka kwenye soko la mbuzi, kama tunavyowapeleka wageni wote. Wauzaji huzunguka na mbuzi wao katika duara, wanunuzi wamekaa pembeni, na anayemtaka mnyama humsimamisha mwenyewe kwa kunyanyua mkono. Niligeuka kidogo kumwamkia shangazi yangu, shikamoo, marahaba, habari za watoto. Nilipotazama tena, mgeni wetu alikuwa amenyanyua mkono kufukuza nzi, na mzee mmoja amesimama mbele yake na beberu mweusi mwenye sikio jeupe. Mzee akataja bei. Mgeni, kwa adabu, akaitikia kwa kichwa. Mzee hakuamini masikio yake, akapandisha. Mgeni akaitikia tena. Mpaka nawafikia, alikuwa keshajipandishia bei mara tatu peke yake, na kamba iko mkononi mwake.

"Mabruk!" mzee akampongeza, akatia noti mfukoni, akaondoka mbio.

Tukarudi nyumbani watatu. Mama alipomwona mbuzi, macho yalimjaa machozi. "Mnaona? Kaleta sadaka yake mwenyewe. Anataka kupona." Nilijaribu kueleza habari ya nzi. Hakuna aliyenisikiliza, na kwa kweli, nani anayenunua beberu Ijumaa asubuhi asimle? Mgeni akapanda chumbani kupumzika. Kaka akanoa kisu, akamlaza mbuzi uani, akamwelekeza kibla.

Ndipo dirisha la juu likafunguka.

"Noooo!"

Sijawahi kusikia kitu kama kile kikitoka kwa binadamu. Njiwa waliruka kutoka kwenye mnara wa ngome. Finjani za kahawa zililia kwenye sinia. Kaka akaangusha kisu, na neno lile moja likaendelea tu, mpaka majirani wakatoka milangoni.

"Alhamdulillahi!" mama akapiga kelele. "Kasema! Bubu kasema!" Vigelegele vikasikika mpaka sokoni.

Mgeni akashuka ngazi mbio, akamkumbatia mbuzi. Kwa vile alikuwa keshaharibu kimya chake, akaona hana tena cha kuweka akiba. Alisema mpaka alasiri, Kiitaliano na Kiingereza kimechanganyika, na mama akimjibu kwa Kiswahili. Mama alimhadithia habari za dada yake aliyebaki Unguja. Mgeni naye alihadithia kwamba alipokuwa mdogo alifuga sungura, na siku ya Pasaka mama yake akampika. Nikafasiri.

"Sungura?" mama akasema. "Wanakula sungura?" Akamshika mkono, akammiminia kahawa.

Kisha akatuvuta kando, mimi na kaka. "Kuna tabu. Niliweka nadhiri. Akisema, nachinja mbuzi."

"Lakini mama," kaka akasema, "mbuzi huyu ndiye aliyemsemesha. Utamchinjaje?"

Mama alifikiri mpaka magharibi. Mwishowe akaamua kwamba hakuwa ametaja mbuzi gani. Kesho yake kaka alinunua mwengine kwa siri, tukapika pilau, tukawapelekea na majirani. Mgeni alikula sahani mbili. Kila akikata nyama alichungulia uani kuhakikisha wake yupo. Alipoondoka, beberu tulimpeleka Fanja, kwenye shamba la mitende la mjomba.

Nilikuwa na khofu kwamba sauti imeharibika. Haikuharibika. Alituletea tiketi, nikaenda na mama Maskati, naye kavaa abaya yake ya harusi. Mgeni wetu akatokea jukwaani kavaa kama sultani wa zamani, akaimba peke yake muda mrefu sana. Mama akalia mpaka mtandio ukarowa.

"Anasema nini?" akaninong'oneza.

Nikasoma tafsiri kwenye kijikioo kilicho mbele ya kiti. "Anasema amepoteza ufunguo wa bustani."

"Ufunguo tu?"

"Ufunguo tu, mama."

"Masikini ya Mungu," akasema, akaendelea kulia. "Na jinsi fundi wa makufuli anavyopatikana kwa tabu."