Mate ya Baba kwa Padri

Mwaka baba alipovunjika nyonga niliacha kuuza samaki wakavu Kakuma, nikarudi Lodwar kumtunza. Kaka zangu walikuwa na wake, mifugo na sababu. Mimi sikuwa na mume, kwa hiyo ikaonekana sina kazi.

Nilimwosha, nikamlisha, nikamgeuza. Yeye alinishukuru kwa matusi.

"Ungeolewa," aliniambia nikimpangusa mgongo, "saa hizi ningekuwa natunzwa na ng'ombe wa mahari yako."

"Apa, baba yangu, ng'ombe hajui kuosha mtu."

"Lakini pia hajibu mzee."

Kabla ya kufa alitaka jambo moja tu: kubatizwa. Mama alikufa akiwa amebatizwa, na baba aliogopa kwamba yeye asipobatizwa atapelekwa kambi nyingine, ugomvi wao wa miaka yote ubaki bila mshindi.

Padri akaja. Alikuwa kijana kutoka Kenya, kama tulivyopaita kila mahali kuanzia Kitale kwenda chini, na kanzu yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi. Aliponyoosha mkono amwekee baba kichwani, baba akaukwepa.

"Huyu mtoto ana miaka mingapi?" akaniuliza.

Kwetu baraka hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mzee hutema mate, mdogo hutulia. Baba alikuwa ametafuna tumbaku tangu asubuhi akijiandaa: ambariki padri kwanza, ndipo padri awe mtu wa kumbariki yeye. Mimi nililiona jambo la kawaida, sikumweleza mgeni. Mate ya kahawia yakatua kifuani pa kanzu. Padri akafunga mkoba wake, akaondoka.

Siku tatu baba alikataa uji. "Nimebariki mtu akanikimbia," alisema, akageukia ukuta. Hakunitukana hata mara moja. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikaenda misheni.

"Padri, baba yangu analala alipowekwa, na anaoshwa na binti yake. Kitu pekee alichobaki nacho cha kumpa mtu ni hayo mate ya baraka. Nawe umeyakataa."

Padri akauliza kama tumbaku hutoka kwa sabuni.

"Hutoka kidogo," nikasema. Sikutaka kumdanganya mtu wa Mungu.

Kesho yake alikuja amevaa shati kuukuu, akapiga magoti kando ya ngozi aliyolalia baba. Baba akamtemea kwenye paji la uso, taratibu, akamtakia mbuzi wengi na wake wawili. Padri akaitikia amina kwa yote mawili.

Padri alipoinua maji ya ubatizo, nilitaka kumshika baba kichwa, akanisukuma. Akakiinamisha mwenyewe, shingo ikitetemeka, mpaka maji yalipokwisha. Padri akatoa leso ajifute.

"Acha baraka ikauke," baba akamwambia. "Mimi pia sijafuta yako."