Mama Mkwe Aliniandikia Valtrona Kwenye Orodha ya Mahari

Mama mkwe wangu aliniandikia kwenye orodha ya mahari kitu ambacho hakijawahi kutengenezwa popote duniani.

Si kwamba ni adimu. Hakipo. Najua hakipo kwa sababu nilikuwepo siku jina lake linatungwa, tukitafuna karanga.

Msicheke kwanza. Kaeni niwaeleze.

Naitwa Ézéchiel. Kwetu ni Butembo, Kivu ya Kaskazini, watu wa maduka na malori. Ila nimekulia hapa Lubumbashi kwa shangazi yangu Joséphine, mwenye depo ya kuuza vitu kwa jumla. Mimi na biashara hatukupatana. Shangazi alisema mkono wangu unafaa kushika kalamu tu, tena kalamu ya watu wengine.

Basi nikapata kazi ya kuulizauliza. Kuna ofisi moja ndogo kule Bel-Air, makampuni yanailipa ili yajue wananchi wanafikiria nini. Safari hii swali lilikuwa: kati ya chapa hizi kumi na mbili, ipi kweli inaleta mambo mapya? Sabuni, simu, betri, maziwa ya unga, vyote vilikuwemo.

Bosi wetu, Monsieur Alphonse, akasema watu wa mji huu hawakubali kushindwa na swali. Akaweka mtego. Majina kumi na moja ya kweli, moja la kutunga. Atakayejidai analijua, tumeshamjua yeye.

Jina lenyewe: VALTRONA.

Valtrona ya nini? Hatukusema. Alphonse alisema likinukia Ulaya linatosha. Tukakatazwa kumwambia mtu yeyote.

Nikapewa mitaa ya Ruashi.

Jamani, Ruashi! Nyumba ya kwanza, baba mmoja wa mgodini akaniambia Valtrona anayo tangu enzi alipokuwa akikaa Likasi na haijamsumbua hata siku moja. Ya pili, dada akasema zamani ilikuwa na povu zaidi. Ya tatu, mzee akalalamika kwamba wameiharibu tangu wabadilishe mfuniko.

Nilicheka hadi tableti ikataka kunidondoka. Nikajiona mwerevu kuliko mtaa mzima. Kumbe Mungu ananitazama tu.

Sheria ya kazi ni hii: kila nyumba ya tano, unaingia. Huchagui. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne.

Ya tano ilikuwa ya Mama Ngosa.

Mama Ngosa ndiye mama yake Benita. Na Benita, acheni tu, huyo ndiye aliyenifanya nianze kupiga pasi soksi. Nilikuwa nimeshajitambulisha kwao mwezi mmoja nyuma. Na kwa watu wa kwao, ukishajitambulisha, buko imeanza. Buko ni heshima ya ukwe. Humtazami mama mkwe usoni, huli mbele yake, humpingi neno lake. Mkikutana njiani, wewe ndiye unaingia kwenye majani.

Sasa mimi huyu nimhoji maswali ishirini na mbili?

Nilitaka kuruka. Lakini tableti ina ramani, ofisini wanaona mguu wako ulipo. Ukiruka nyumba umejifukuza mwenyewe.

Nikafanya nilichoweza. Nikageukia ukuta.

Nikawa nauhoji ukuta, na Mama Ngosa ananijibu nyuma ya mgongo, kakaa kwenye mkeka na majirani wanne wanachambua maharage. Mmoja akauliza huyu kijana ana kesi gani na ukuta.

"Ni mukwe yangu," Mama Ngosa akasema, na sauti imevimba. "Iko ku kazi. Anakuja kuniuliza miye, namna gani ninafikiria."

"Ah bon!" Wale mama wakaacha maharage wasikilize.

Nikasoma majina. Nikafika pale. Nikaomba kimoyomoyo asiseme kitu.

"Na Valtrona, mama? Munaijua namna gani?"

Nikasikia anajiweka sawa kwenye mkeka.

"Valtrona?" akasema. "Eee! Valtrona njo ya kwanza! Zile zingine zote zinaiga tu."

"Kweli kabisa," majirani wakaitikia, wote wanne.

Ningefanya nini? Nimgeukie nimwambie mama mkwe, samahani, umenasa? Nikabonyeza "naijua sana", nikaushukuru ukuta, nikaondoka.

Wiki tatu baadaye orodha ya mahari ikafika kwa shangazi. Suti ya baba. Vitenge vya wax vya mama. Mablanketi mawili. Mbuzi mwenye pembe. Jembe. Mfuko wa chumvi. Vitu vya kawaida, shangazi anasoma huku anatikisa kichwa kwamba sawa, sawa.

Namba kumi na nne: "Valtrona moja (ile kubwa)."

"Hii ni kitu gani?" shangazi akauliza.

Nikakaa chini. Sakafuni, siyo kwenye kiti.

Nikampigia Benita.

"Benita, tafadhali, muulize mama Valtrona ni nini."

"Nilishamuuliza. Anasema weye njo unajua. Weye njo ulikuja nayo."

Nikamwambia ukweli wote, mtego, karanga, Alphonse. Siri ya ofisi ilikufa palepale.

Benita akashusha sauti.

"Ézéchiel, avenue yote inajua mama iko anangoja Valtrona. Ukisema haiko, unamuvua mama nguo mbele ya bantu. Na mama akipata haya juu yako, miye siwezi toka hapa kwetu. Unasikia? Siwezi toka."

Hali yangu ikawa hiyo. Nilete kisichokuwepo, au nimkose Benita. Nililia, nisidanganye. Mtu mzima, mbele ya magunia ya mchele.

Shangazi Joséphine hakulia. Shangazi hajawahi kukutana na bidhaa iliyomshinda. Akashika simu akaanza kupigia wafanyabiashara wenzake, mmoja mmoja. Wa Goma akasema inafika wiki ijayo. Wa Kasumbalesa akasema iko mpakani, imekwama kwenye forodha. Wa Kasomeno akasema anazo, zimebaki mbili.

Mimi, ninayejua kabisa kwamba hakipo, nikapanda gari hadi Kasomeno. Mapenzi ni ugonjwa. Nikafika na vumbi mpaka kwenye meno.

"Ndugu yangu," jamaa akaniambia, "pole sana. Zimeisha jana."

"Zilikuwa za nini?"

"Zilikuwa nzuri."

Nikarudi nikaenda kwa Alphonse, nimwombe ruhusa ya kusema ukweli hadharani. Nikamkuta ameinamia kompyuta. Matokeo yametoka. Katika chapa zote kumi na mbili zinazoleta mambo mapya Lubumbashi, Valtrona imekuwa ya pili.

Ya pili! Makampuni ya watu yana viwanda, yana matangazo, yana wahandisi.

Alphonse akavua miwani. Akaniangalia kama mtu anayetafuta msaada.

"Ézéchiel," akasema, "una uhakika haipo? Maana bibi yangu anasema aliiona."

Nikatoka bila kuaga.

Shangazi alikuwa ananisubiri mlangoni mwa depo, mikono kiunoni. "Kama haipo, tutaitengeneza," akasema. "Hao wenye chapa kubwa, zao waliziokota msituni?"

Tukaenda kwa fundi mmoja wa Ruashi anaitwa Lombe, anatengeneza mbabula, majiko ya makaa. Zake siyo zile za bati tupu. Amezipaka udongo ndani, ameweka na droo ya kutolea majivu, na makaa ya siku moja yanafika siku ya pili. Shangazi akamwambia atengeneze moja kubwa, aipake rangi ya buluu, aandike VALTRONA kwa herufi nyeupe. Tukaitia kwenye katoni, tukaizungushia utepe wa gundi hadi ikapendeza.

Nikalala usingizi mzuri wiki hiyo. Mjinga hachelewi kulala.

Siku ya mahari ikafika, Jumamosi mchana, uwanja wa Mama Ngosa umejaa. Upande wetu shangazi na wazee wachache wa Butembo, upande wao ukoo mzima. Msemaji wao alikuwa mjomba Musonda, kaka yake Mama Ngosa. Kwao, mjomba asiposema ndiyo, binti haondoki.

Suti, sawa. Vitenge, sawa. Mbuzi akakaguliwa meno. Namba kumi na nne, katoni ikafunguliwa.

"Yeeee!" wanawake wakashangilia. Majirani wale wanne walikuwa mstari wa mbele. "Njo yenyewe!" mmoja akapiga kelele. "Nilibaambia miye!"

Nikaanza kupumua.

Mjomba Musonda akasimama. Akaizunguka ile mbabula mara mbili, polepole. Akaigonga kwa kidole.

"Hii haiko original," akasema.

Wanawake wakashusha mikono.

"Miye original nilishaiona Kolwezi, mu nyumba ya muzungu mumoja. Original iko na kibutoni chekundu cha kubonyeza. Hii ni ya kuiga. Munatuletea bintu bya uongo? Mutoto wetu ni wa kuiga?"

Ndugu zangu, nimekataliwa kwa kuleta bidhaa feki ya bidhaa isiyokuwepo. Kama kuna mwingine yamempata duniani, anitafute tunywe pamoja.

Na huwezi kuamini, watu wakamuunga mkono! Mmoja akasema ya kweli ni nzito zaidi. Mwingine akasema ya kweli haitumii makaa. Mzee wa kwetu akainama akaninong'oneza: omba siku mbili, tutaweka kibutoni.

Nikamtazama Benita. Alikuwa amekaa kati ya dada zake na kitambaa kichwani, hanitazami, machozi yanamshuka hadi kidevuni. Nikamwona anavyoshika ule mkeka kwa vidole. Nikajua nikiongeza uongo wa pili, nitakuwa naweka vibutoni maisha yangu yote.

Nikasimama. Nikageukia ukuta, maana buko ni buko.

"Baba zangu, mama zangu," nikasema, "original haiko. Hata ya kuiga haiko. Jina hili tulilitunga ofisini kwetu ili tukamate watu. Mimi nikalibeba nikaja kulitega hapa, mbele ya mama mkwe wangu, katika nyumba yake. Aliyeanza kudanganya ni mimi. Faini ni yangu. Nikikosa mke, pia ni mimi."

Nilisikia mbuzi anatafuna kamba.

Mjomba Musonda akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Ézéchiel," sauti ikasema nyuma yangu. Ilikuwa ya Mama Ngosa. "Geuka."

"Mama, buko..."

"Ninasema geuka. Niangalie."

Nikageuka. Ndiyo mara ya kwanza nimeuona uso wa mama mkwe wangu. Anafanana na Benita, ila amechoka. Alikuwa analia na wala hafichi.

"Miaka makumi tano na nane niko mu hii dunia," akasema. "Bantu ba kalamu banapita hapa, banauliza bwana yangu, banauliza mukubwa wa avenue, banauliza wa mugodi. Ile siku njo mara ya kwanza muntu ananiuliza miye: mama, unafikiria nini? Na bamama balikuwa banasikiliza. Niliona haya kukujibia sijui."

Benita akajifuta uso. "Sasa mama, juu ya nini uliiandika ku mahari?"

Mama Ngosa akaitazama ile mbabula ya buluu.

"Nilitaka niione na miye," akasema.

Shangazi Joséphine, ambaye hakulia kwa lolote, akaondoka haraka akajifanya anaangalia mbuzi.

Nikapigwa faini ya mbuzi wa pili. Benita nikapewa. Mama Ngosa ndiye aliyemshika mkono akanipa, mjomba akabaki kukubali kwa kichwa. Hadi leo Musonda akilewa anasema ile ya Kolwezi aliiona kwa macho yake. Tumemwachia.

Jumatatu nikaenda kurudisha tableti, maana kwa kutoboa siri nilikuwa nimejifukuza kazi. Kabla ya kuikabidhi nikalifungua lile swali, nikalisoma vizuri kwa mara ya kwanza, mimi niliyeliuliza nyumba mia moja na nne.

Majibu ya kubonyeza yalikuwa matatu. "Naijua sana." "Naijua kidogo." "Nimeisikia tu."

"Sijui" haikuwepo. Hatukuiweka. Mama Ngosa angesema "sijui", nisingekuwa na mahali pa kuiandika.

Kwa hiyo ninyi mnaokwenda kuuliza watu ipi ni chapa bora, ipi inaleta mapya, wekeni kwanza nafasi ya mtu kusema hajui, bila kuonekana mjinga. Mkiinyima, msije mkamwita mwongo. Na wewe unayetaka kuoa, mwulize mama mkwe maoni yake mapema, tena mara nyingi, hata kama ni kwa kuuongelesha ukuta.