Mawe ya Njia ya Wageni

Watu huniuliza wageni wanafuata nini Utende. Hakuna mji, hakuna taa za barabarani, na duka letu likiishiwa sukari unasubiri tu. Nami huwajibu kwamba wanafuata hicho hicho, kutokuwepo kitu. Maji ya ghuba ya Chole yakipwa, mzungu mzima anasimama mchangani anatazama kaa nusu saa, na ameridhika. Zamani ufukweni pale palikuwa na madau, makumbi ya nazi na nyumba zetu. Kisha wakaja wageni wachache wa kupiga mbizi, wakalala kwenye mahema, wakapeleka sifa kwao. Kiwanja baada ya kiwanja kikauzwa. Mama naye aliuza chetu, akahamia juu karibu na barabara, nami nikapata kazi ya bustani katika hoteli iliyojengwa pale pale nilipozaliwa. Nilijiona nimeula.

Msimamizi alitaka njia ya kwenda ufukweni ipambwe. Nikaokota mawe ya matumbawe kila nilipoyaona kiwanjani, nikayajaza kwenye toroli, nikayapaka chokaa, nikayapanga pande mbili za njia. Wageni waliyapiga picha, na mimi kichwa kikanivimba.

Shaabani ile mama aliniita. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Nipeleke kiwanjani kwetu. Nataka nikuoneshe pa kunilaza nikifa."

Tukiwa tunatembea ndipo nilipojua kwamba kabla yangu alizaa mtoto aliyeishi siku tatu. Walimzika nyuma ya nyumba, wakaweka mashahidi, mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni, bila maandishi, kama tuzikavyo sote. Hakuwahi kunisimulia. Aliyenunua kiwanja alimwahidi kwa mdomo kwamba pale hapataguswa, na siku yake ikifika atazikwa ubavuni pa mwanawe. Mnunuzi huyo naye alikwishauza na kuondoka.

Tulipofika, minazi aliyoifanya alama ilikuwa imekatwa. Mama aliinama, akapapasa mchanga hapa, akapapasa kule, kanga ikimtoka begani. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Mawe yalikuwa kule njiani, meupe yote, na hata mimi niliyeyapaka nisingeweza kuyatambua yale mawili.

"Mashahidi yako wapi? Nani kayaondoa?"

"Wafanyakazi, mama."

Alikaa chini akalia. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona akilia, hata baba alipofariki. Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akainua mikono.

"Mola awasamehe," alisema. "Hawakujua."

"Amina," nikaitikia.

Mwaka jana tulimzika makaburi ya kijiji, mbali na mwanawe. Mpaka tunamfukia, sikuwa nimemwambia kwamba ni mimi.