Kanzu ya Bwana Harusi na Kompyuta Iliyozimwa Ijumaa

Mama yangu aliizima kompyuta kwa kiwiko, siku ya ndoa yake mwenyewe, akiwa na hina mbichi mikono yote miwili. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki yeye hudai kwamba umeme ulikatika wenyewe. Haukukatika.

Duka letu la ushonaji hapa Msambweni ni chumba cha mbele cha nyumba. Tuna mashine ya tarizi inayoongozwa na kompyuta: unachora ua kwenye skrini, unalituma, na sindano inalifuata. Kompyuta yenyewe ni laptopu kuukuu ambayo betri yake ilikufa zamani, na ndani yake nimeweka Linux, mfumo wa bure ambao ukiharibika unautengeneza wewe mwenyewe. Mimi ndiye fundi wa nguo na ndiye fundi wa kompyuta, na katika kazi zote mbili sina subira.

Mama alikuwa mjane kwa miaka mingi. Aliyemposa alikuwa mgane wa Ramisi, mstaafu wa kazi za miwa, mtu wa maneno machache na kicheko kingi. Siku moja alimsimulia Mama kwamba ndoa yake ya kwanza aliifunga kwa kanzu ya kuazima, na mwenye kanzu akaja kuidai kabla wali haujaiva. Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mama hakucheka. Aliniambia jioni ile kwamba mtu yule hataoa kwa kanzu ya kuazima mara mbili, na kwamba kanzu yake nitaishona mimi.

Nikaishona. Ikabaki tarizi ya kifuani tu, vikonyo vya asumini pande zote mbili, na hapo Mama akawa mgumu wa kuchagua. Alibadilisha mawazo mara chungu nzima, akaja kuuridhia mchoro mmoja alfajiri ya Ijumaa yenyewe, na ndoa ni baada ya sala ya alasiri. Mchoro ukakataa kufunguka. Programu yangu ilikuwa ya zamani, ikataka mpya, na mpya haiingii mpaka mfumo mzima upandishwe toleo. Nikasema potelea mbali, asubuhi ni ndefu, nikaanza kuupandisha.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka muadhini alipoadhini. Kwetu Ijumaa ikifika hapo, duka hufungwa na swichi kubwa ya ukutani hushushwa, maana hakuna biashara wakati wa hutuba. Ndivyo marehemu Baba alivyokuwa akifanya, na Mama hajaiacha desturi hiyo hata wiki moja. Mimi nilikuwa uani nikitia udhu. Niliporudi, skrini ilikuwa nyeusi na kwenye swichi kulikuwa na alama ya hina, maana ilikuwa imempanda hadi kiwikoni.

"Leo Ijumaa, mwanangu," Mama akasema kabla sijafungua kinywa. "Hata mashine nayo ipumzike."

Damu ilinichemka. Lakini nani anamgombeza bibi harusi? Nikamweleza taratibu kwamba kompyuta ilikuwa kama nguo iliyofumuliwa yote ili ishonwe upya, naye amekata umeme katikati ya mshono. Hapo ndipo alipoketi.

Baada ya sala, nilipoiwasha tena, hakukuwa na picha wala vitufe, maandishi meupe tu kwenye giza. Programu za Linux huja katika vifurushi, na kila kifurushi hutegemea vingine. Vyote vilikuwa vimeshapakuliwa, ila vingine vilikuwa vimepangwa, vingine nusu, vingine bado. Nikaandika amri ya kumalizia kilichokatika. Ikakimbia kidogo, ikasimama. Kifurushi hiki hakikubali mpaka kile kiwe kipya, na kile hakiwezi kuwa kipya kwa sababu kuna cha tatu kinachokishikilia kibaki cha zamani. Nikaandika amri ya kutengeneza. Nayo ikajibu kwa adabu zote kwamba iko tayari, mradi niiruhusu kufuta nusu ya programu zangu, ya tarizi ikiwemo. Nusura nikubali kwa hasira.

Simu ikalia. Alikuwa mjomba, ambaye ndiye walii wa kumwozesha Mama, maana ni kaka yake. Alikuwa amesikia kuna matatizo, na nyumbani anayo kanzu safi ya Omani, tupeleke mtu akaichukue ili bwana harusi astirike. Mama aliyasikia yote kwenye spika.

"Kaka," akasema, "hiyo vaa wewe."

Basi nikarudi kwenye skrini, safari hii bila papara. Nikayasoma makosa kutoka juu, moja baada ya jingine. Kile cha tatu nikakiona. Kilikuwa kifurushi cha herufi za mapambo nilichokichukua kwenye tovuti nisiyoijua, nilipokuwa nikitarizi majina kwenye kofia. Nilikwisha kukisahau, kumbe kimekaa mlangoni kinazuia wenzake wote. Nikakiondoa kwa nguvu, nikarudia amri.

Mistari ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka, Mama nyuma yangu ameinua mikono yake ya hina asiichafue, anamswalia Mtume kila mstari ukipita. Picha ya skrini ilipotokea, akapiga vigelegele. Majirani wakadhani ndoa imeshafungwa, wakaitikia nyumba hadi nyumba, na mimi nikacheza peke yangu katikati ya duka. Sijui kama nimewahi kufurahi vile kwa sababu ya kompyuta.

Mchoro ukafunguka, sindano ikaanza. Upande wa kulia ulitoka maridadi, kila kikonyo mahali pake. Upande wa kushoto ulikuwa haujaguswa alasiri ilipoadhiniwa, na mzee wa Ramisi akapiga hodi, amevaa fulana na kikoi, amekuja kuchukua kanzu yake. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimeangalia chini. Nikamwomba radhi, nikamwonyesha. Aliipapasa ile asumini kwa vidole vyake vizito, akaivaa pale pale, akaenda msikitini upande mmoja wa kifua umechanua na mwingine mtupu. Mama alichungulia kupitia pazia mpaka alipokata kona, na uso wake sijapata kuuona vile tangu nizaliwe.

Wiki iliyofuata, uzi ukiwa tayari na kompyuta ikiwa nzima, nilimwomba mzee anipe ile kanzu niimalizie. Alikuwa ameivaa. Akaweka kiganja kifuani, upande ule mtupu, akarudi nyuma hatua.

"Iache hivi hivi, mwanangu," akasema. "Hii hakuna atakayekuja kuidai."