Upepo wa Trela la Mjomba

Juzi, kwenye kituo cha mafuta hapa Malindi, niliona trela la kulala, kile chumba kinachovutwa na gari, likijazwa upepo magurudumuni. Harufu ya mpira uliochomwa na jua ilinirudisha ndani ya trela la Mjomba.

Alilikodisha kwa wageni wa kupiga kambi. Alasiri moja, nilipokuwa mdogo, alilivuta hadi ufukweni, nami nimejificha ndani. Likazama mchangani upande mmoja, mlango ukabana. Niliusukuma mara mbili, haukutikisika.

"Magurudumu magumu mno," nilimsikia akimwambia Mama. "Nayapunguza upepo yatanuke, yasizame."

Chini ya sakafu pakalia fsss, ndefu. Nikaelewa kwamba upepo unaomwagwa ni wa chumbani, ule niliokuwa nikiuvuta. Nikakadiria zimebaki pumzi mia. Nilipohesabu upya zilikuwa themanini.

"Mwanaidi!" Mama aliita.

Kwetu mtoto wa kike akiitwa huitika "Abee," wala hangoji wito wa pili. Nilipima bei ya neno hilo kwa pumzi, nikaona ghali. Wito wa tatu ulitokea upande wa maji, sauti ikitetemeka. Nikalilipia: "Abee!"

Trela lilipolala sawa, mlango ukafunguka.

"Huitiki mapema, kwani?" Mjomba aliuliza.

"Nabana upepo, Mjomba. Wewe waumwaga tu."

Mama alinikumbatia kwanza, kofi likafuata.

Siku hizi najua upepo hupimwa kwa uzito wa trela na njia linayopita. Hata hivyo, nikimwona mtu anaupunguza, kwanza hugonga mlango. Mara mbili.