Skuta ya Generoza na ufunguo wa pindoni

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Magomeni, mjini Kilosa. Jogoo wa jirani amewika mpaka amechoka, na Generoza ameketi barazani na kitambaa chenye unyevu, anaipangusa skuta yake ya umeme kama mtu anayemfuta mtoto uso. Anaanzia usukani, anashuka kwenye kiti, anamalizia na magurudumu yote manne. Ndoo ya maji iko mbali, na iko mbali kwa makusudi.

"Pikipiki za wenzetu zinaogeshwa," anasema. "Hii yangu ukiimwagia maji umeiua. Ndani kuna umeme, jamani."

Anabonyeza matairi kwa kidole gumba kupima upepo. Anachomoa chaja ukutani na kuukunja waya taratibu. Kisha anageukia mlango.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, mama. Naomba ufunguo."

Mama yake, Bi Odilia, mwenye miaka sitini na minane, anafungua fundo kwenye pindo la khanga. Anatoa ufunguo mdogo, anamtazama binti yake usoni kwanza, ndipo anampa. Jioni ufunguo utarudi kwenye pindo. Mambo yamekuwa hivyo miezi saba sasa, na usidhani huyu mama ana roho mbaya. Ana sababu.

Generoza ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Vidunda, huko milimani, na polio ilimpooza miguu yote miwili akiwa na miaka mitatu. Ni fundi wa kushona, na cherehani yake ni ile ya kuzungusha kwa mkono. Ana kibanda karibu na soko, anashona sare za shule. Siku ikikubali anapata shilingi elfu kumi na tano. Isipokubali, anarudi nyumbani na uzi wake.

Kwa miaka kumi na moja alifika kibandani kwa kiti cha magurudumu, na aliyekuwa akikisukuma ni Bi Odilia. Asubuhi kwenda, jioni kurudi, jua liwake, tope lijae.

"Mgongo wa mama ndio uliokuwa gari langu," anasema Generoza. "Nilikuwa nasikia pumzi zake nyuma ya shingo yangu, nikawa naona aibu hata kusema nimechoka."

Skuta ilitokea Mikumi. Kuna mgeni mmoja mzee aliyefikia nyumba ya wageni huko akiwa nayo, na siku ya kuondoka akaiacha kwa wafanyakazi, wampe anayeihitaji. Urbanus, fundi umeme wa nyumba hiyo, hakufikiri mara mbili. Sare aliyovaa siku hiyo ilikuwa imeshonwa na Generoza.

Alimfundisha kwa siku tatu. Chaji kila jioni, hata kama umetembea kidogo. Usiiache betri ikauke. Zima kabla ya kunyanyuka kitini. Mteremko ushuke ukiwa umenyooka, usikate kona ghafla. Na kwenye usukani kuna kitufe cha mwendo, upande mmoja kina picha ya kobe, upande wa pili sungura.

"Mimi wangu kobe," Generoza anacheka. "Mwenda pole hajikwai. Sungura namwachia kwenye hadithi."

Jambo la mwisho ndilo alilolisisitiza Urbanus kuliko yote. Skuta hii haina breki ya kukanyaga. Ukibana mkono wa usukani inakwenda, ukiachia inajishika yenyewe, hata mlimani. Ila nyuma, chini ya kiti, kuna wenzo mdogo. Ukiukandamiza, mota inaachana na magurudumu, skuta inasukumika kama toroli. Huo ni wa kuisogeza ikiharibika. Mtu akiwa amekaa juu yake, usiguswe.

Sasa ingia Mudi.

Mudi ni dereva wa bodaboda, kijiwe chake kiko juu ya mteremko ambao Generoza lazima aushuke kwenda sokoni. Kijana mwema, hana baya na mtu. Na kama bodaboda wengi, mteremkoni huzima injini, anaiacha pikipiki ishuke nyutro ili mafuta yabaki. Alipouona ule wenzo, akili yake ikaenda huko huko.

"Da Gene, unamaliza chaji bure," alimwambia. "Hapa tunaitia nyutro, mimi nakushikilia nyuma, unashuka kama malkia."

Generoza anakiri kwamba alijua. Aliambiwa na fundi, akasikia, akaelewa. Lakini mtu akikuonea huruma asubuhi asubuhi, unamwambiaje toka?

Siku tatu walishuka hivyo, salama salimini. Siku ya nne, katikati ya mteremko, wakakutana na Mwalimu Yeremia. Huyu mzee alimfundisha Mudi darasa la kwanza mpaka la tatu, na Mudi ni mtoto aliyelelewa. Mwalimu haamkiwi kwa mkono mmoja. Mudi akaachia kiti, akainama, akatoa mikono yote miwili.

"Shikamoo, Mwalimu."

Heshima si utumwa, ni kweli, lakini siku ile heshima nusura imzike mtu. Kabla Mwalimu hajamaliza kusema marahaba, skuta ilikuwa imekwisha kuondoka.

"Nilibana mkono, ikalia pii, pii, pii. Nikaachia, ikaendelea kulia tu," anasimulia Generoza. "Breki hakuna. Mbele nauona mtaro wa maji ya mvua. Nikasema, Mama Maria, leo ndiyo leo."

Mudi alikimbia. Waliokuwepo wanasema hawajawahi kuona mtu akikimbia vile. Aliudaka mgongo wa kiti, akaburutwa, mguu ukapinda chini yake, lakini hakuachia. Uzito wake uliivuta skuta pembeni ikaparamia lundo la mchanga wa mtu aliyekuwa akijenga. Generoza aliteguka bega. Mudi alivunjika kifundo cha mguu. Mtaro ulikuwa hatua nne mbele.

Bi Odilia alifika akiwa na kiatu kimoja. Hakumgombeza mtu. Alichomoa ufunguo kwenye skuta, akaufunga kwenye pindo la khanga, akasema neno moja: "Basi."

Bega lilipopoa, kile kiti cha magurudumu kikatolewa stoo. Mama akarudi kusukuma. Wiki ya pili, njiani, alisimama, akashika kiuno, akakaa chini barabarani. Generoza naye hakuweza hata kugeuka kumshika.

"Nililia siku ile," anasema. "Sikulilia skuta. Nilimlilia mama. Nikajua ufunguo usipotoka pindoni, nitamzika kwa kunisukuma."

Alimpigia Urbanus. Jumamosi yake fundi akapanda basi kutoka Mikumi na mfuko wa vifaa. Akanyoosha usukani, akakagua betri, akaupaka ule wenzo rangi nyekundu na kuufunga kwa mkanda wa mpira usifunguke kwa mkono mmoja. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Mama, shikamoo. Naomba ukae wewe," alimwambia Bi Odilia.

"Mimi! Ebo! Umri huu?"

Alikaa. Wakaenda naye mpaka mteremko ule ule, kobe kwa kobe, watu wamejaa. Katikati kabisa, Urbanus akamwambia, "Sasa achia mkono." Bi Odilia akafumba macho, akaachia. Skuta ikasimama. Tuli. Akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akabana, ikaenda. Akaachia, ikasimama. Inasemekana alirudia mara saba, na mara ya saba alikuwa anacheka kwa sauti.

Jumatatu alifungua fundo. Lakini alitoa sharti: ufunguo utalala kwake, na kila asubuhi utaombwa.

Mudi alikaa na plasta wiki sita. Ufunguo ulipotoka, Generoza alimpelekea uji mara tatu kwa wiki, ameuweka kwenye kikapu cha skuta. Watu walishangaa, wakamuuliza anampelekeaje uji mtu aliyetaka kumuua.

"Aliyeniachia ndiye aliyenikimbilia," huwajibu. "Wangapi wangeogopa kuvunjika mguu? Mimi namshukuru Mungu, halafu namshukuru Mudi. Na mama, huyo sina neno la kumtosha."

Siku hizi Mudi anachechemea kidogo. Generoza akipita kijiweni, Mudi humsindikiza hadi chini, akitembea pembeni, mikono nyuma ya mgongo. Mwalimu Yeremia naye akiwaona kwa mbali huwahi kupaza sauti: "Marahaba, marahaba! Hukohuko!"

Kila baada ya miezi mitatu Generoza huifungua skuta vipande vinne, ikaingia kwenye buti la basi, akaenda Mikumi kwa Urbanus kuikagua. Huko kuna skuta nyingine iliyolala kwa kukosa betri. Anadunduliza pesa za betri polepole. Zikipatikana, itakwenda kwa Marselina, muuza mboga wa Mikumi ambaye bado anasukumwa na mumewe, na Generoza ndiye atakayemfundisha kuiendesha.

"Nitaanza na wenzo," anasema. "Halafu nitamfundisha kumwambia mtu mwema, asante, lakini usiguse. Hilo ndilo gumu."

Mwandishi wa simulizi hii alirudi Magomeni wiki iliyofuata kuaga. Saa ilikuwa ile ile, kitambaa kile kile. Generoza alimaliza matairi, akakunja waya, akageukia mlango.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba." Sauti ilitoka ndani, kitandani. Bi Odilia alikuwa bado amelala.

"Naomba ufunguo."

"Uko msumarini hapo mlangoni, mwanangu. Chukua, uende. Leo nalala kidogo."

Generoza akanyoosha mkono, akautungua.