Kumbikumbi na Karabai ya Mzee Salehe

Tulipokuwa wadogo kule Kwedizinga, dawa ya mbu haikuuzwa dukani, tuliichuma wenyewe. Jua likianza kushuka, mama alitutuma vichakani nyuma ya nyumba tukavunje kivumbasi, nasi tulirudi mikono ikinukia hadi viwikoni. Tulikitia kwenye kigae chenye makaa pamoja na maganda makavu ya machungwa, tukazunguka nacho chumba hadi chumba mpaka nyumba nzima ikawa moshi mtupu. Mbu walitoka, na sisi tulitoka nyuma yao tukifuta machozi. Tukilalamika, mama alisema, "Lieni tu. Homa ikiwashika mtalia zaidi, na mimi nitalia nanyi."

Siku hizi wajukuu zangu wana raketi ya umeme. Mbu mmoja akiingia sebuleni, wanamkimbiza kuanzia kwenye kochi mpaka kwenye pazia, na akilia "tas!" wanashangilia kama wamefunga goli. Ukimtuma mmoja wao akachume kivumbasi atakuletea bangi ya mwituni, au hata majani ya mbaazi. Simlaumu sana. Nani kamwonyesha?

Lakini habari ya kumbikumbi ilikuwa nyingine kabisa. Kwetu ni kukavu, na mvua ya kwanza ilipokuja baada ya jua la miezi, udongo ulitoa ile harufu inayomfanya mtu atamani kuula. Jioni yake, kabla hata watu hawajatoka msikitini kuswali magharibi, kumbikumbi walikuwa wameshaanza kumiminika kutoka kwenye vichuguu. Hao huwafukuzi kwa moshi. Wanataka mwanga, na mwanga ukiwa ndani watakuja ndani, utawakuta kwenye mboga, kwenye maji ya kunywa, kwenye nywele. Nyumba zetu za udongo zilikuwa na uwazi kati ya ukuta na paa, kwa hiyo kufunga dirisha kulikuwa kujisumbua bure.

Dawa yao ilikuwa kuzima kila taa ya ndani na kuweka chemli moja uani, juu ya kinu kilichopinduliwa, na beseni la maji pembeni. Walitoka wote. Sisi watoto tulikaa gizani tukila kwa kupapasa, tukisikia wakidondoka kwenye maji, huku mate yakitujaa. Asubuhi mama aliwaanika, akawapeta mbawa, akawakaanga bila mafuta kwa chumvi kidogo. Ukiwala na ugali wa muhogo, ule tunaouita bada, husikii mtu akikuita.

Sasa, mwaka mmoja mvua hiyo ya kwanza ilinyesha siku mama aliposhikwa na uchungu. Baba alikuwa Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge. Mama alikuwa amepanga kwenda hospitali Handeni mapema, akasubirie huko siku zifike, lakini mtoto hakusubiri, na barabara ilikuwa imeshageuka tope. Tukamwita Bibi Mwanahawa, mkunga wa kijiji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Akaingia chumbani, akawasha koroboi na chemli yetu pamoja, maana alisema mtoto amekaa vibaya na yeye anahitaji kuona anachokifanya.

Basi kumbikumbi wakaja. Nilikuwa binti wa kama miaka kumi, nimesimama mlangoni na sufuria ya maji ya moto, nikawaona wakipita juu ya ukuta kama mtu anayemwaga mtama. Waliingia kwenye maji. Walitua kwenye kanga safi zilizokunjwa, wakamwingia Bibi machoni, na koroboi ikazimwa na mbawa zao mara mbili. Mama alikuwa akiuma kanga asipige kelele. Bibi akizima taa haoni, na akiwasha haoni vilevile. Nilimwona akijifuta uso kwa mkono, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona mtu mzima anaogopa. Niliogopa kuliko yeye. Nilijua mama anaweza kufa, ingawa hakuna aliyeniambia.

"Chemli hii peleka nje," Bibi akasema. "Humu nibakishie koroboi. Kisha nitafutie mwanga mkubwa uuweke uani, mkubwa kuliko huu, uwavute wote. Kimbia!"

Mwanga mkubwa kijijini ulikuwa mmoja tu, karabai ya Mzee Salehe mwenye duka. Ilining'inia kwenye ndoano juu ya meza yake ikivuma, na kila mtu alijua haiazimwi. Wenye harusi walikuwa wamewahi kuiomba, wakanyimwa. Watoto hatukuruhusiwa hata kuikaribia, maana kile kitambaa cha ndani kinachowaka ukikitikisa kidogo kinakuwa majivu. Nikakimbia hivyohivyo, miguu ikizama kwenye tope, nikiwaza nitapigaje magoti.

Mzee Salehe akaja nayo mwenyewe. Hakumpa mtu aibebe. Alitembea nayo polepole, mkono mmoja ameukinga kwenye kioo, akinifokea kila hatua, "Tazama mbele! Usinipite karibu!" Wateja waliobaki gizani dukani wakamfuata. Kila nyumba tuliyopita watu walichungulia, wakauliza kuna nini, na mtu akajibu, "Mama Halima anajifungua, wadudu wamejaa ndani." Nao wakarudi ndani, wakatoka na chemli zao.

Sijui nieleze vipi uani kwetu kulivyokuwa jioni ile. Karabai juu ya kinu, chemli zimepangwa kuizunguka, na mabeseni ya kila rangi. Kina mama walikaa kwenye mikeka wakizungumza chini chini, Mzee Salehe amesimama kama askari kuilinda taa yake, na kumbikumbi wakitoka chumbani kwetu kupitia juu ya ukuta, wakimiminika kwenye mwanga mpaka tukashindwa kuonana. Nyumba zote za jirani zilikuwa giza. Ndani kwetu kulikuwa na koroboi moja, imetulia. Kabla ya isha tukasikia mtoto analia, kisha tukasikia sauti ya mama akicheka kwa uchovu, na ni hiyo ya pili iliyonifanya nikae chini kwenye tope na kulia.

Baba aliporudi alimpa mtoto jina la Zuhura. Kijiji kikamwita Karabai, na mpaka leo ukifika kule kumuulizia Zuhura utazungushwa.

Huyo Zuhura ndiye niliyekuwa naye nyumbani kwangu, hapa Chanika, mvua za mwaka huu zilipoanza. Binti yake, Rehema, alikuwa amejifungua karibuni na amekuja kupumzika kwetu. Jioni kumbikumbi wakaingia kupitia nyavu zilizotoboka. Rehema akapanda juu ya kitanda akipiga kelele, akanyakua kopo la dawa. Nikamwambia, "Weka chini hiyo. Mtoto anapumua humu humu." Zuhura akazima taa zote, bila mimi kusema.

Taa yangu ya nje ilikuwa imeungua, lakini hatukuihitaji. Jirani yangu wa upande wa kulia ana taa za ukutani zinazomulika mpaka barabarani. Kumbikumbi wakainuka, wakavuka ukuta, wakaenda kwake. Kichanga kikaendelea kulala. Tukakaa gizani, mimi na mdogo wangu, tukisikiliza upande wa pili madirisha yakibamizwa, dawa ikipulizwa, mwanamke akikohoa na mtoto mdogo akilia.

"Dada, twende tukawaambie wazime za ndani," Zuhura akasema.

Nimekaa hapa miaka mingi. Gari la jirani yangu nalijua, na honi yake naijua, lakini jina lake silijui. Tukatoka na tochi ya simu, tukagonga geti. Baada ya muda mwanamume akauliza kutoka ndani, "Nani?"

"Majirani," nikajibu.

"Majirani wepi?"

Simchukii. Hata mimi ningeuliza hivyo, siku hizi mtu hafungui tu. Nikaanza kujieleza, nyumba gani, geti la rangi gani, huku kumbikumbi wakinigonga usoni. Lakini nilikuwa nikimfikiria Mzee Salehe. Jioni ile nilifika dukani kwake nikihema, nimejaa tope, sijapiga magoti wala sijaomba chochote. Nilisema "Mama" tu, nikashindwa kuendelea, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye ndoano.